Kompyuta ya Aikande

Laki mbili na nusu, zimekunjwa ndani ya soksi.
Oforo, fundi wa Kiborloni, anatandaza mezani:
mazabodi iliyostaafishwa na benki,
ramu mbili zisizo ndugu.
"Na kadi ya picha, baba?"
Kadi ya picha ni ada ya muhula.
Isubiri.

Pawasaplai nimegoma kuchukua iliyotumika;
umeme wa Pasua huja kama mdai, kwa kishindo.
Kesi ni debe la mafuta,
feni imefungwa kwa waya wa banda la kuku.

Saa nne usiku, kitufe.
Kimya.
Oforo, kwenye simu: "Chomoa ramu, isugue kwa kifutio."
Aikande akasugua kama anayefuta kosa la hesabu.

Kioo kikapiga kope.
Feni ikavuma, kuku wakaitikia.