Baina ya Figo na Nyayo

Kila miezi mitatu, mjini Łódź, ghorofa ya pili,
Grażyna huvua viatu na soksi za sufu.
Daktari humgusa nyayo kwa uzi wa plastiki.
Unausikia? Nausikia. Na hapa? Kidogo.
Huandika: macho, presha, figo,
sukari tisa nukta moja.
Punguza mkate, mama. Punguza viazi.

Baina ya figo na nyayo
kuna nchi nzima isiyomo kwenye fomu.

Nyumbani Zbyszek ameosha vyombo, amenyoa ndevu
ingawa ni usiku. Grażyna anajua maana yake;
miaka thelathini na mmoja wamesomana hivyo.
Sasa mkono wake ukipita
ni kama mtu anabisha hodi kwa jirani:
mlango unasikika, si wako.
Wakilazimisha, ni ukavu, ni moto wa upupu.
Basi husema kichwa kinamuuma.
Kichwa hakijamuuma tangu Pasaka.

Alidhani ni uzee.
Alidhani amemchoka, akatubu kwa siri
kosa asilolijua.

Leo daktari yuko likizo. Muuguzi Jagoda,
kucha za kijani, anafunga faili,
kisha analifungua tena.
“Na chumbani, mama? Sukari hufika na huko.
Mishipa ni ile ile.”

Soksi moja mguuni, moja mkononi.

“Keti tu, hakuna foleni.”
Foleni ipo, imefika ngazini.

“Andika,” anasema Grażyna.
“Lakini funga mlango kwanza.”