Pindo la Vidole Vinne

Mwezi wa tano, mwaka jana. Masika hayajamaliza ugomvi na mabati,
hoteli za Jambiani zimefungwa, magodoro yamesimamishwa ukutani,
na Halina kaja kwangu na picha ndani ya simu:
shati jeupe, kifuani misalaba midogo myekundu, safu kwa safu.
"Tisa," kanionesha kwa vidole. "Ya watoto. Jumapili, siku ya mama."
Jumapili ipi? Hii hii.
Na leo Jumanne.

Mie mkono wangu umezoea kofia,
vitobo, uzi mweupe juu ya nguo nyeupe,
kazi ambayo kidole huiona kabla ya jicho.
Uzi mwekundu ulinipigia kelele siku ya kwanza.
Siku ya pili tukasikilizana.
Usiku wa tatu umeme hakuna, nikashona kwa kandili,
nikajua: aliyeanza kushona hivi
naye alikuwa na mtoto kamlalia miguuni,
akihesabu nyuzi kimoyomoyo asije akamwamsha.

"Pindo," kasema Halina, kwa Kiswahili chake cha sokoni,
"pindo kubwa. Mtoto anakua."
Nikampimia vidole viwili. Akatikisa kichwa.
Vitatu.
Akalishika shati, akanyamaza
kama mtu anayepiga hesabu ya deni asilolikopa.
Nikakunja vinne, nikapiga bandi.
Sikumuuliza kitu.

Ukumbi ni mkahawa wa hoteli isiyo na mgeni.
Pazia ni kanga ya Mwanakombo wa jikoni, NANI KAMA MAMA,
imetundikwa juu chini,
na hakuna aliyethubutu kukipanda tena kile kiti kibovu.
Mashada ya vichwani yalitaka maua ya kwao;
yakapatikana asumini, mlangilangi,
na maua mekundu ya plastiki kutoka dukani Makunduchi.
Tepe za rangi zinawaning'inia mgongoni.
Wananukia kama biharusi wa hapa,
wamesimama kama biharusi wa huko.

Darina, miaka sita, akaja na shairi lake,
akausahau mstari wa pili.
Akaurudia wa kwanza, akaurudia, akaurudia,
kila mara kwa sauti kubwa zaidi, ngumi kazikunja,
mpaka ukawa ndio shairi zima.
Neno moja nililishika. Hilo hilo.

Kisha wavulana. Wanachuchumaa, wanarusha miguu mbele
kama watu waliokanyaga siafu,
na watoto wa jirani madirishani wanahesabu: moja! mbili!
Ustim yuko katikati. Mama yake ni muuguzi,
kabaki Kharkiv na wagonjwa wake.
Bibi yake kaiinua simu juu kwa mikono miwili,
na mama yumo humo, uso umeganda, mdomo wazi.
Mtandao wa masika.

Mguu wa kulia. Wa kushoto. Wa tatu ukamkimbia,
akaketi sakafuni, pu!
Tukacheka sote, na yeye akacheka,
akainuka, akamaliza, akainamisha kichwa,
na tulipokwisha kupiga makofi, tumetulia,
ndipo simu ikacheka.

Peke yake. Kicheko kirefu cha mwanamke, kimechelewa njiani,
kimefika karamu imekwisha na viti vinakusanywa,
na hakuna aliyesogea mpaka kilipomalizika.
Ustim akageuka, akakitazama,
akakiinamia mara ya pili.

Mie ninaye Raiye, Muscat, analea watoto wa watu.
Sauti yake hufika alfajiri, naisikiliza adhuhuri
nikiwa na sindano mdomoni.
Kwa hiyo nilishika chai yangu, nikatazama pembeni.

Juzi Halina kaja na lile shati la Ustim.
Limempanda tumboni.
"Kidole kimoja," kasema. "Kimoja tu."
Nikafumua. Kile kitambaa cha ndani
kilikuwa bado cheupe kuliko shati lenyewe,
hakijaona jua, hakijaona sabuni.

Vimebaki vitatu.