Sura ya Sita Imeliwa na Nani?

Kitabu kilipofika
sote tulirukaruka,
hata Mwalimu kacheka,
meno nje, darasani.

Cha sita cha Kibogoyo,
bingwa wa kunusa nyayo,
mkaidi, hana choyo,
pasi na jino kinywani.

Zamu hii ni kiatu
cha bwana harusi Ndutu,
cha kushoto, kimoja tu,
kimeibwa: mwizi nani?

Tulisoma kwa awamu,
sura tano zote tamu;
ya sita, yenye hukumu,
haikuwemo mwishoni!

Kurasa zimenyofoka,
gundi nayo kubanduka.
Shaweji akatamka:
“Ni mchwa wa ukutani!”

Mie Somoe nasema,
mchwa hali akakoma
mwisho wa sura ya nyuma;
huyo ni msomi gani?

Nilifungua daftari
kama afisa wa siri,
nikaandika kwa ari
washukiwa: ishirini,

na jina langu la kwanza.
Kibogoyo alifunza,
mwenyewe ndiwe waanza
kujichunguza moyoni.

Nikajihoji mwenyewe,
nikajibu: “Siyo wewe!”
“Apa!” “Nipigwe na jiwe!”
Nikatoka kizimbani.

Tukamhoji na mbuzi,
mla sare, mla jezi;
akajibu waziwazi:
“Meee! Kwani mimi nani?”

Tukaenda kwa mpishi
aliyefukizwa moshi:
“Siwashi kwa maandishi,
ming'oko yataka kuni!”

Jalada lina mafuta.
Shaweji akalifuta,
akanusa, akasita:
“Korosho hizi, jamani!”

Lakini hapa Newala
nani ambaye hajala?
Hata paka wetu hula
korosho zake jikoni.

Stendi yupo Bi Atuna,
mwenye cheko la kufana,
foleni tangu mchana,
kapanga koni mezani.

Nikalipa mia tano,
nikafungua kwa meno,
nikaona lile neno:
“SURA YA SITA,” pembeni.

Shaweji akanunua
nyingine, akafungua:
“Kibogoyo akajua…”
kisha ikaisha koni!

Tukala hadi kuvimba,
matumbo kama ya mamba,
macho yetu kwenye namba:
themanini na… tisini…

Moja tu haikuwepo,
jina la mwizi ndo hapo;
ilipanda basi papo
kwenda Masasi, mfukoni.

“Nani kaleta kurasa?”
nikamkazia sasa.
Akahesabu mapesa,
akanong'ona: “Fulani.”

“Fulani yupi?” “Mrefu,
anajifanya nadhifu,
chaki kwenye kola chafu
na kalamu sikioni.”

Mwalimu Mnali? Loo!
Mwenye ule ufunguo!
Hutukanya kila leo
tusikunje kona ndani!

Kesho yake akakiri:
“Deni lilishakithiri,
mama kagoma kusubiri,
nikampa za mwishoni.

Nilijua hamfiki!
Mkifika tatu, dhiki;
vingine hamvishiki,
hiki kina dawa gani?”

Bi Atuna akacheka:
“Karatasi ikifika
siifungi kwa haraka,
nasoma kwanza mezani.”

“Mwizi wamjua?” “Ndiyo,
namjua hadi nyayo,
lakini siwapi hayo
hadi nipate rehani:

cha saba kikiwasili
mniletee kamili,
nisome kwa siku mbili,
ndipo mtajua nani.”

Basi tungali twangoja
gari la vitabu kuja;
Mnali naye pamoja
kapanga nasi foleni.

Nawe uliye Masasi,
uliyekula upesi
korosho ndani ya basi
ukatupa dirishani,

kama uliona jina,
tafadhali, ewe bwana
au bibi, rudi tena:
ujira wako ni koni.