Na Wenzake

Kibao kilipoandikwa, mwaka wa themanini na saba,
pale Kachoma, juu ya duka la baiskeli,
hapakuwa na wenzake.
Palikuwa na meza ya mninga, stuli moja,
rula iliyopinda kwa joto la Oktoba,
na yeye, Misigalo Kasanda, akimwelekeza mchora kibao:
"Andika: Misigalo na Wenzake, Wasanifu Majengo."
"Wenzako nani, bwana?"
"Wako njiani."

Mimi nilifika mwaka wa nne,
nimetumwa tu kurudisha chenji ya mafuta ya taa.
Akanipa kijiti na kipande cha chaki.
Kaa uani mpaka jua lizame, alisema,
kila saa tia alama kivuli kilipofika.
Ndiyo shule yangu ya kwanza:
kumfuata jua nyuma kama karani.

Nenda wodi ya wazazi kule Usoke,
utakuta madirisha yako chini, kimo cha goti.
Mkandarasi aligoma. Mkaguzi akaandika barua.
Yeye alilala chali sakafuni, na suti yake,
akawauliza kutoka hapo chini:
"Anayezaa anatazama wapi?"

Hakuwa malaika. Mishahara ilichelewa,
na ulimi wake ulikuwa randa.
Na ukuta wa maktaba ya Isevya ulipasuka,
toka kona ya dirisha hadi msingini,
kwa hesabu zake mwenyewe.
Aliuchora ufa ule, milimita kwa milimita,
akautia fremu,
akautundika pale wengine wanapotundika shahada.
Kijana mpya akiingia, hupelekwa kwanza mbele yake:
"Uamkie. Huu ni mkubwa wako kazini."

Jumanne tuliyomzika
mvua ya Tabora, ile isiyokuja ikiombwa,
ilikuja.
Nyumba yake ya Cheyo hakuimaliza,
nondo za ghorofa zimesimama zikila kutu.
Lakini upenu!
Tuliucheka sana upenu ule, mita mbili na nusu,
mabati ya kutupa, tulisema.
Siku ile ulitosha watu wote,
ukatosha na masufuria, ukatosha na kuni.
Hapo nikakumbuka alivyotujibu, bila kuinua macho:
"Msiba hauna kadi ya mwaliko."

Kaburini, Kalunde, mdogo wetu ofisini,
alitoa kamba mfukoni, hajaulizwa na mtu:
tatu, nne, tano.
Kona moja ilikuwa imekwenda upande.
Wachimbaji walinuna,
kisha wakarekebisha.

Leo amekuja mchora kibao, mtoto wa yule wa kwanza,
anauliza kama jina lifutwe.
Nikageuka kutazama chumbani:
vichwa kumi na kimoja vimeinamia meza,
Kalunde na penseli sikioni anagombana na ngazi isiyokubali kufika juu,
na ufa ukutani, umetulia, unatusimamia.

"Jina liache," nimemwambia.
"Ila hilo neno la mwisho limepauka.
Likoleze rangi.
Tumefika."