Mawe Matano

Niliikuta ndani ya robota la tombola, soko la Virunga,
imekunjwa kwenye mfuko wa koti la mtoto:
picha ya bustani ya matunda, karatasi nene,
vigogo vya urujuani, nyasi za rangi ya chungwa,
na mwanamke aliyeinama, hana uso,
doa tu la buluu lenye kikapu.
Nililipa faranga elfu mbili. Koti nikaliacha.

Sekabanza, achapaye kadi za harusi na za matanga,
aliiwekea kioo chake cha kukuzia.
Akanuna. Akacheka.
"Hapa hapakupita brashi, dada. Hii ni kazi ya jiwe.
Kila rangi na jiwe lake. Ona, nyekundu imeruka mstari,
tunda limetoka nje ya ngozi yake."
Akahesabu kwa ukucha: manjano, buluu, nyekundu,
kijani kikavu, na nyeusi ya mwisho.
Mawe matano kwa miti kumi na mmoja.

Nikanyamaza.
Kwetu Buhene jiwe lilikuwa moja.
Lilishuka usiku, Jumamosi, likiwaka,
likapita juu ya mipera, juu ya miti mitatu ya avoka,
juu ya mndimu uliokuwa bado na kamba ya kuanikia,
na shuka mbili kambani.
Nyeusi yetu haikungoja zamu.

Pembeni, kwa penseli, mtu ameandika 41/100.
Maana yake, alisema Sekabanza, zipo bustani mia
zinazofanana na hii, huko ziliko.
Ya mama haikuwa na namba.
"Na baada ya mia?"
"Jiwe husuguliwa kwa mchanga na maji
mpaka lisahau. Halafu linachorwa kingine."

Nimeitundika chumbani, ukuta wa mbao, misumari miwili.
Mama Kyakimwa anaitazama, anasema
miti ile haijapogolewa vizuri,
na yule mwanamke atavunjika kiuno.
Kisha anachukua nyundo, anarudi kule
kuponda kokoto za kuuza.

Katika ufa mmoja tu hapondi.
Ametia udongo humo, nusu gunia, wa kununua,
na kokwa ya avoka, ncha juu.
Sijui kama itaota. Jana nilichuchumaa:
imepasuka kidogo,
na kando ya mpasuko, nje ya mstari,
kitu chekundu.