Kizibo Kilichohama

Tulishuka kutoka Naryn, barabara barafu tupu,
Aizirek mapajani mwangu, kilo tisa na nusu pamoja na koti.
Moyo wake una tundu. Daktari Toktosunov alilichora
nyuma ya risiti ya petroli: vyumba viwili,
ukuta katikati, na mlango
ambao hakuna fundi aliyeuagiza.

"Hatumpasui," alisema. "Tunapita kinenani,
ndani ya mshipa, kwa mrija mwembamba kama utambi.
Mwisho wa mrija kuna mwavuli wa waya.
Unafunguka pande mbili za ukuta. Basi."
Kisha akanipa karatasi.
Ukurasa wa pili, mstari wa saba:
kifaa chaweza kuchomoka.
Nilitia saini haraka, kama anayelipia mkate.

Mimi hushona mazulia ya sufu. Najua viraka.
Najua kingo zikiwa laini mno
uzi hauna pa kushika.
Nilijua, na sikuuliza.

Saa tano wakamchukua. Saa nane muuguzi alipita mbio,
viatu vya mpira vikilia sakafuni.
Anayekukwepa macho amekwisha kukuambia.

Mwavuli ulishika. Dakika tano, kumi.
Kisha moyo ukapiga pigo moja kubwa
ukautema.
Damu ikaubeba hadi mshipa wa mapafu,
huko ukakwama, umekunjuka,
kama mgeni aliyekosea nyumba
na amekwisha kuvua viatu.

Waliunasa kwa kitanzi, mara ya nne.
Daktari alitoka, shati limemganda mgongoni.
Hakusema pole, hakumtaja Mungu.
Alinionyesha kikopo: waya uliopinda, uzi wa damu.
"Kidogo tu," alisema.
Sikujua kama ni kifaa kilichokuwa kidogo,
au ni kidogo tu tumpoteze.

Sasa amelala. Paja limevilia damu,
zambarau kama bilinganya.
Tundu liko palepale. Nimeweka sikio kifuani:
shhh, shhh, kama mtu anayemnyamazisha mwenzake.
Wahenga walisema ziba ufa.
Hawakusema ufa ukikataa.

Aprili, theluji ikipungua njia ya Dolon, tutarudi.
Safari hiyo watapitia kifuani,
kwa sindano na uzi.
Uzi naujua. Nitauliza.

Ameamka. Anataka maji,
na kiatu chake kimoja hakionekani.