Nyuma ya Risiti

Novemba, Mikindani. Vumbi la madawati yanayopigwa msasa
limeingia mpaka kwenye chai yangu.
Karatasi zimekwisha shule nzima,
na Sista Domitila halijui neno kwisha.
"Una nakala za risiti. Nyuma ni nyeupe.
Kila mtu aandike shukrani moja, moja tu,
ziende altareni Ijumaa pamoja na mkate na divai."
Sista, hizo ni za ukaguzi.
"Mkaguzi atasoma mbele. Mungu atasoma nyuma."

Mimi ndiye mhasibu. Watoto huniita Bwana Salio
wakidhani sisikii.
Miaka kumi na tisa nimeandika upande wa mbele:
jina, gredi, kilicholipwa, kilichobaki.
Sijawahi kugeuza.

Nikagawa kwa utaratibu, kila mtoto nakala yake.
Alhamisi jioni kapu likarudi mezani kwangu lihesabiwe,
maana nani mwingine wa kuhesabu?
Mia tatu na kumi na mbili.
Feni ilikufa wakati wa Pasaka, haikufufuka.
Nageuza.

Kadzo wa gredi ya nne anaishukuru kengele
kwa kupasuka asubuhi ya mtihani wa hesabu.
Mutheu anamshukuru aliyemrudishia kiatu;
hamjui ni nani, basi anawashukuru wote,
ila si Deri.
Bawabu Charo ameshukuriwa mara arubaini na moja:
saa yake huchelewa kila wanapochelewa wao.
Nasoro, salio hakuna, anamtaja Mama Wakesho wa jikoni
aliyemtilia pojo zake kwenye mkebe wa siagi
mwezi mzima wa Ramadhani,
"akaniambia, chukua, ukafuturu."

Mwalimu Obura alipewa nakala yenye muhuri wa BATILI.
Ameandika: Nashukuru.
Amefuta.
Ameandika tena: Nashukuru.
Mshahara wake wa Oktoba haujatoka. Mimi ndiye ninayejua.

Kisha hii, namba 0417.
Sidi Kahindi, gredi ya sita.
Mbele, mwandiko wangu: amelipa elfu mbili,
salio elfu sita mia nane na hamsini.
Nyuma, mwandiko wake, herufi zimelala kama nyasi zilizokanyagwa:

"Namshukuru Bwana Salio kwa kunifukuza mwezi wa Juni.
Nilifika nyumbani saa nne nikamkuta nyanya ameanguka uani,
ndoo imemwagika, hasemi.
Nikaita majirani.
Sasa anasema. Mdomo umepinda kidogo
lakini ananigombeza kama zamani.
Ningekuwa darasani."

Namkumbuka. Alikuwa wa tatu kwenye foleni,
amekumbatia begi kwa mbele kama mtoto mchanga.
Uso sikuutazama. Nilitazama tarakimu.

Nimeitafutia shukrani hii mahali kwenye leja.
Si pato, si matumizi.
Ukutani mwa ofisi, kwa rangi ya buluu,
moyo usio na shukrani hukausha mema yote.
Aliyeipaka methali hiyo hakusema
mtu afanye nini anaposhukuriwa kwa ubaya wake.

Ijumaa. Kanisa limejaa soksi nyeupe na harufu ya mafuta ya nazi.
Tumshukuru Bwana Mungu wetu, aimba Padre.
Ni vema, najibu pamoja nao,
na haki,
na hapo sauti yangu inakwama
kama droo ya ile meza yangu ya zamani.

Kapu lililo altareni lina mia tatu na kumi na moja.
Moja imo mfukoni mwa shati langu, jasho limeilowesha,
wino unanishika kifuani.
Mkaguzi akija Januari akaiulizia,
nitamwambia ni panya.

Sijui bado nitafanya nini na ile elfu sita.
Watoto wanashuka na mishumaa; Sidi hanitazami,
anakinga moto wake usizimwe na upepo wa mlangoni.
Benchi ya nyuma, leso yake mpya, mdomo umepinda,
nyanya ananipungia mkono,
ule unaoinuka.